Kidonge cha Asubuhi na Dawa ya Kwenye Friji

Kaka yangu aliporudi kutoka Ulaya, baada ya miaka kumi na minane, alitolewa uwanja wa ndege wa Songwe kwenye kiti cha magurudumu. Swali lake la kwanza halikuhusu mama wala habari za nyumbani.

"Mdogo wangu," alisema, "friji yako inafanya kazi?"

Nikamwambia inafanya. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Alikuja kukaa kwangu Mbeya, ingawa nyumbani kwetu ni Ilula, mkoa wa Iringa, anakoishi mama. Ugonjwa wake ni ule unaokula ganda la mishipa ya fahamu, na hauelewani na joto. Siku ya jua kali miguu yake hukakamaa na macho hupata ukungu. Mbeya kuna baridi. Isitoshe, nyumba ya mama iko juu ya kilima na njia yake ni mawe matupu, wakati yangu iko tambarare, haina hata ngazi moja. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, naishi peke yangu, na chumba cha wageni kilikuwa kinakaa bure.

Jioni ileile alifungua begi na kutoa dawa zake. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa vidonge vidogo vyeupe, akaviweka mezani karibu na redio. Ya pili ilikuwa vichupa vya kioo vya rangi ya kahawia, vya kupulizia mdomoni. Vile ambavyo havijafunguliwa alivipanga kwenye friji nyuma ya kopo la maziwa, akaniambia nisiviguse na visigande.

"Ni za nini?" nikauliza.

"Kidonge ni cha uchovu. Hiyo nyingine ni ya misuli."

Akafunga begi, na mimi nikaanza kushuku.

Lazima niseme kwa nini. Kaka alipokuwa kidato cha tatu pale Iringa mjini, mwalimu wa bweni alifungua tranka lake akakuta misokoto ya bangi chini ya mashati. Alifukuzwa. Mimi nilikuwa darasa la tano, na nakumbuka mama alivyokaa kwenye kigoda jikoni na kanga usoni siku nzima, moto umezima. Tangu hapo neno bangi halikutamkwa nyumbani kwetu. Mama akilazimika, husema "kile kitu". Kaka alisoma kwingine, akafaulu, akasafiri, akawa mtu wa kutajwa kanisani kwa sifa. Ila mimi ndani yangu sikuwahi kulifunga lile tranka.

Siku ya tatu, kaka akiwa bafuni, nilifungua friji nikatoa karatasi ya maelezo kwenye boksi la dawa. Nilikaa nayo mezani na kamusi. Sikuhitaji kamusi kwa muda mrefu. Neno lilikuwa ukurasa wa kwanza, mstari wa juu kabisa: dawa ile imetengenezwa kutokana na mmea wa bangi. Niliposikia maji ya bafuni yamekatika nikajaribu kuikunja karatasi irudi ilivyokuwa, ikakataa. Karatasi za dawa zina mikunjo yake, ukishaikosea haikubali tena. Nikaisukuma ndani hivyohivyo.

Wakati wa chakula kaka alienda kwenye friji, akarudi akakaa.

"Umeisoma," alisema.

"Nimeisoma."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ukasema ni ya misuli."

"Ni ya misuli." Akakata tonge, akalishika bila kulila. "Kule nilikuwa naipata kwa cheti cha daktari bingwa, naweka sahihi kila ninapoichukua. Haivutwi. Hailewi mtu kama unavyofikiria. Bila hii miguu yangu ni magogo. Na kidonge je? Karatasi yake umeisoma?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Kidonge kilikuwa kidonge tu, cheupe, kama vya kichwa.

Basi nikaanza kumchunguza kaka yangu kama askari. Asubuhi, kabla ya kidonge, alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Angekaa mbele ya uji na kijiko mkononi asikiinue, macho wazi, kama aliyelima ekari mbili kabla ya jua kutoka. Akishameza, ndani ya saa moja alikuwa mtu mwingine. Alitengeneza redio yangu. Aliwapigia simu watu aliosoma nao. Aliniuliza nafundisha nini leo, akanisahihisha mambo ya ushairi, mimi mwalimu. Huyo ndiye kaka niliyemkumbuka.

Jioni miguu ilipoanza kukaza, alichukua kichupa, akapuliza chini ya ulimi, akakunja uso kwa uchungu wake. Baada ya muda goti lililokuwa limenyooka kama mpini lilikunjika, na niliweza kumvalisha soksi bila kupigana nalo. Lakini alisema polepole. Alicheka taarifa ya habari mahali pasipochekesha. Nilimtazama macho nione kama yamekuwa mekundu. Nilinusa foronya yake kabla ya kuitia kwenye nguo za kufua, nikasikia harufu ya mnanaa na nyuma yake kitu kama majani mabichi, au nilidhani nasikia. Kaka wa asubuhi nilimpenda. Wa jioni nilimshuku.

Mama alipopiga simu kuuliza mtoto anameza nini, nilimjibu, "Moja ya nguvu, moja ya misuli." Nikajikuta nasema maneno yaleyale ya kaka.

Mwishowe nilikwenda kwa mfamasia mmoja wa mjini. Ni Mwislamu, wazee wake walitoka pwani, na Kiswahili chake hunifanya mimi mwalimu nijisikie mwanafunzi. Nilimwonyesha picha za karatasi zote mbili kwenye simu. Alizisoma hadi mwisho bila haraka.

"Hiki kidonge nakifahamu," alisema. "Kwenye hospitali kubwa hukaa ndani ya kabati la kufuli, na kila kimoja kinaandikwa daftarini kimekwenda kwa nani. Hii ya kupuliza sijapata kuiona kwa macho. Ana kibali cha kuiingiza?"

"Ana barua ya daktari wake."

"Barua ya daktari wa huko si kibali cha hapa, mwalimu. Kwa sheria yetu hiyo ni bangi, mpaka mwenye mamlaka aandike vinginevyo. Mshauri kaka yako aende kwa bingwa, aeleze yote, asifiche."

"Lakini ipi ni mbaya zaidi?"

Akavua miwani. "Kwa nini lazima moja iwe mbaya? Zote mbili zimefungiwa kwa sababu. Hii ya kupuliza humlegeza mtu, humzungusha kichwa, yaweza kumwangusha, na wengine huwavuruga mawazo. Kile kidonge huusukuma moyo, hukata usingizi na njaa. Mgonjwa wake kinamsaidia. Mtu mzima asiye mgonjwa akikionja, hujiona ana akili mpya. Ndiyo maana huibwa."

"Nani anaiba?"

"Wanafunzi wa chuo. Madereva. Watu wenye kazi nyingi kuliko saa."

Nilimshukuru nikaondoka. Nyumbani kulikuwa na karatasi mia mbili na kumi na mbili za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne zikinisubiri, na mkuu wa idara alikuwa amezidai mara mbili.

Sitasema nilipitiwa. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, kaka amekaa barazani kivulini, mgongo kwangu. Pakiti ilikuwa pale karibu na redio. Nilitoa kimoja, nikakimeza na chai, nikatia lile ganda la pakiti kwenye mfuko wa gauni.

Kilichofuata nakikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda. Kama vile mtu alizima redio iliyokuwa ikiunguruma kichwani mwangu miaka yote bila mimi kujua. Nilisahihisha. Karatasi moja, ya pili, ya ishirini. Insha ambazo siku nyingine hunitia usingizi niliziona kama zimeandikwa kwa ajili yangu. Chai ilipoa ikafanya utando. Nilishtuka kaka anaita kutoka barazani, sauti ya kuomba radhi, "Mdogo wangu, leo hatuli?" Ilikuwa saa tisa. Mdomo ulikuwa mkavu na moyo unanidunda masikioni, lakini nilikuwa na furaha ya ajabu.

Jumatatu mkuu wa idara alinirudishia karatasi moja. "Mwalimu, hii umeandika wewe?" Mtoto alikuwa ameandika insha ya ukurasa mmoja na nusu. Mimi kwa wino mwekundu nilikuwa nimemwandikia kurasa mbili pembeni, juu, chini, hadi nyuma, nikimkosoa nukta kwa nukta, na mwisho nikampa sifuri. Nilicheka, nikasema nitaipitia upya. Nikaipitia. Alistahili kumi na moja.

Bado nilichukua kingine wiki iliyofuata, na viwili wiki ya tatu.

Kaka aligundua. Vidonge vyake alikuwa amevipigia hesabu vimfikishe hadi siku ya kuonana na bingwa wa hospitali ya rufaa.

"Vinne havipo," alisema asubuhi moja nikimmiminia chai.

"Labda umekosea kuhesabu."

"Ubongo wangu una makovu, lakini hadi thelathini nafika." Akasukuma pakiti mbele yangu. "Nani mwingine anaingia humu?"

Alijua jibu. Kulikuwa na mama mmoja wa Uyole, mjane, aliyekuja kutufulia Jumanne na Ijumaa. Alikuwa mkimya, mwenye mikono ya nguvu, na ndiye aliyemsaidia kaka kusimama siku moja miguu ilipomkakamaa bafuni.

"Aliwahi kuniuliza vidonge hivi ni vya nini," kaka alisema.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilimimina chai hadi ikafurika sahani. Ukimya wangu ukafanya kazi yake, kaka akautafsiri kama alivyotaka, na mimi nikamwacha.

Ijumaa alipokuja na kuloweka nguo, kaka alimwita mlangoni akamwambia, kwa adabu, kwamba kuna vitu vinapotea na kwa sasa tungependa tufue wenyewe. Yule mama hakumtazama kaka. Alinitazama mimi.

"Mwalimu, na wewe unasema hivyo?"

"Tupumzike kwanza kidogo, mama," nikasema.

Akaiweka sabuni chini, akafunga kanga vizuri, akaondoka. Nguo za siku ile alikuwa tayari ameziloweka. Nilizisuuza mwenyewe.

Shule zilipofungwa, mama alisisitiza twende Ilula. Alisema hawezi kuendelea kumwona mwanawe kwenye simu kama mtangazaji. Kichupa alichokuwa akitumia kaka kilikaribia kwisha, ikabidi tubebe kipya kwenye kiboksi cha barafu. Nilikaa nacho mapajani ndani ya basi kutoka Uyole, nikapita Chimala na mashamba ya mpunga nikiwaza mfamasia alivyosema.

Pale Igawa basi lilisimamishwa. Askari wawili wakapanda, wakawa wanagusa mizigo mmoja mmoja. Mmoja akasimama kwetu.

"Mama, humo mna nini?"

"Insulini," nikasema. "Kaka ana kisukari. Ukifungua sana barafu inayeyuka."

Sikumeza mate, sikupepesa macho. Niliinua hata mfuniko kidogo, kama mtu asiye na cha kuficha. Askari akamtazama kaka, akaitazama na fimbo yake ya kutembelea, akasema pole, akapita.

Tulikuwa tunaikaribia Makambako. Kaka, akiangalia dirishani, akauliza kwa sauti ya chini, "Umejifunza lini kudanganya vizuri hivyo?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Najua. Ila hukubabaika hata kidogo." Akanigeukia. "Vile vidonge ulichukua wewe."

Niliangalia mbele. Hakurudia. Safari iliyobaki, Mafinga hadi Iringa hadi Ilula, tulikaa bega kwa bega kama abiria wasiojuana.

Mama alitupokea chini barabarani, penye meza za nyanya, pamoja na vijana wa jirani waliombeba kaka kilimani. Alilia, akaimba, akamshika uso. Tulipokwisha kula alifungua kile kiboksi atafute pa kukiweka, maana hana friji, akakutana na kichupa. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Hii ndiyo dawa ya misuli?"

"Ndiyo, mama," kaka akajibu.

"Inatengenezwa na nini?"

Nilifungua mdomo. Kaka akaniwahi. "Na kile kitu, mama."

Mama alikaa. Nilisubiri kanga ipande usoni kama zamani. Haikupanda. Miguu ya kaka ilikuwa imekwisha kukakamaa kwa sababu ya safari, imenyooka mbele yake kwenye mkeka, na vidole vinatetemeka. Alipuliza mbele ya mama bila kujificha. Mama aliushika wayo wake kwa mikono miwili, akakaa nao vile mpaka goti likaanza kulegea ndani ya mikono yake.

"Kumbe unakunjika," alisema. Halafu, "Sijapenda. Ila nimeona."

Kisha akavinyoshea kidole vidonge vilivyokuwa juu ya begi la kaka. "Na hivi navyo ni vya namna hiyo?"

"Hivyo," kaka akasema, "muulize mwalimu."

Nikamwambia mama. Nilianza na karatasi za mtihani, nikaona zinasikika kama udhuru, nikaziacha. Nikasema nilichukua vinne vya mgonjwa, na kwamba yule mama wa Uyole ameachishwa kazi kwa sababu yangu na mimi nilisimama pale pale.

Mama hakupandisha sauti. "Kaka yako alinitia aibu kwa kitu alichoweka kwenye tranka lake mwenyewe," alisema. "Wewe umeweka chako kwenye jina la mjane. Kesho unarudi Mbeya."

"Mama, ndiyo kwanza nimefika."

"Kesho. Kaka yako atabaki na mimi."

Asubuhi alinijazia ndoo ya nyanya. Hakuniambia ni za nani.

Nilimkuta yule mama nyumbani kwake Uyole anapalilia viazi. Hakushangaa kuniona. Alinipa kigoda, mwenyewe akabaki amesimama na jembe. Nilisema yote, na nilipofika mwisho alikuwa anatikisa kichwa, si kwa kukataa.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje?"

"Mwalimu, nani anafua magauni yako? Yale maganda ya pakiti nilikuwa nayatoa mfukoni mwako kila wiki. Ndiyo maana nilimuuliza kaka yako ni vya nini. Nilidhani na wewe unaumwa, unaficha."

Nilishindwa kumtazama. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ningesema mbele ya nani? Yeye mgonjwa, wewe mwalimu, mimi mfuaji. Ningetoa maganda mfukoni mwa nani niaminiwe?"

Nilimwomba arudi. Akasema amepata nyumba nyingine, karibu zaidi. Nikamwambia kaka atampigia amwombe radhi. Akasema sawa, apige. Nyanya alizipokea. "Kwa sababu ni za mama yako," alisema, akazimimina kwenye beseni, akanirudishia ndoo.

Kaka alirejea Mbeya baada ya wiki tatu, tukaenda pamoja kwa bingwa, na tukaeleza kila kitu kama mfamasia alivyotushauri. Vichupa vilivyobaki tulivikabidhi. Daktari alimwandikia vidonge vingine vya kulegeza misuli, vya kawaida, vinavyouzwa bila daftari. Vinasaidia, lakini si kama ile. Jioni nyingine goti halikunjiki hata nikilikanda na maji ya moto, na mimi niliyenusa foronya sasa hujikuta natamani kile kichupa nyuma ya kopo la maziwa. Kidonge cha asubuhi bado anakipata, kwa kuweka sahihi, kila mwezi.

Tunaelewana. Nampikia, namsindikiza hospitali, tunabishana mambo ya ushairi. Tunda la mwaka huu, sadaka ya mavuno kanisani Ilula, alilipeleka mwenyewe madhabahuni kwa fimbo mbili, mama akashangilia. Ila vidonge vinakaa ndani ya kopo la kufuli chumbani kwake, na ufunguo anao yeye. Juzi asubuhi aliniomba maji ya kumezea. Nikamletea, nikaweka glasi kando ya kitanda karibu na mkono wake. Akasema ahsante mdogo wangu, akaangalia mlango, akangoja nitoke.